Ngozi Yangu, Mlio Wao

Samuye, Ijumaa, mwezi wa kwanza, 1952

Mvua imekatika, jua kali, na magugu yanaota haraka kuliko mtama wenyewe. Tangu mapambazuko nasikia debe. Ukoo mzima uko shambani, wanapalilia kwa kupigiwa debe.

Ngoma ya kulimia, ile iliyowapa mwendo tangu enzi za babu, iko hapa kwangu. Hatua saba kutoka kitanda changu.

Niseme ukweli wangu. Babu alipofariki, ngoma ilibaki zizini ikilaliwa na mbuzi. Kaka zangu watatu waliipita kila siku. Mimi, niliyeanza maisha kwa kuwamba juani ngozi za ng'ombe wa watu, ndiye niliyeiokota. Kwa miaka kumi na mmoja nimeivalisha ngozi mpya mara tatu, zote za ng'ombe wangu. Ina vigingi ishirini na vinne. Kumi na tisa nimechonga mimi. Sasa cha babu hapo ni nini? Mti na vigingi vitano.

Kwa hiyo yule Mzungu anayekusanya vitu vya kale alipouliza mwenyewe ni nani, nilijibu ni mimi. Nikatia sahihi kwenye karatasi yake. Jumatatu ataleta mabati kumi na nane ya kuezekea nyumba yangu na kuondoka na ngoma kwa lori, akaiweke kwenye kabati la kioo, mahali mchwa hawafiki.

Sikuona dhambi.

Ukoo haukuniita kikaoni, wala haukunigombeza. Leo siku ya tisa hakuna aliyepiga hodi hapa, hata wa kuomba moto.

Jana nilimfuata shangazi, dada yake baba. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikamweleza hesabu yangu yote, ngozi na vigingi. Aliendelea kupepeta mtama mpaka nikamaliza.

"Ngozi ni yako, baba, hakuna anayebisha," akasema. "Bandua ngozi yako umpe Mzungu. Mlio utuachie."

Nimeutafuta mlio kwenye hesabu yangu. Haumo.

Adhuhuri hii nimeitoa ngoma uani, nikaianika ikaze, nikaipiga. Mara moja tu.

Debe likanyamaza.

Nilingoja. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeita. Kisha debe likaanza tena, taratibu, likiacha pengo kama linangoja kujibiwa.

Jumatatu nitamwomba Mzungu aichane ile karatasi. Nyasi zimeniezeka hadi leo, zitaendelea. Kesho alfajiri nitaibeba ngoma mpaka shambani, na jembe langu begani.

Sijui kama watanipa mstari wa kupalilia.