Jicho la Mwewe wa Kaunta Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya kumi ya uanagenzi hapa benki. Leo nimepanda cheo! Kutoka kuskani kadi za sahihi kule stoo hadi kukaa kaunta namba nne, ubavuni kwa Bibi Mhuri. Ndiye mkuu wa kaunta. Jina nimempa mwenyewe, kimoyomoyo – anavyogonga mhuri, utadhani karatasi imemtukania mama. Kazi yangu: mteja akisaini fomu ya kutoa pesa, nilinganishe na sahihi yake iliyo kwenye mfumo. Basi. Nimeazima viatu vya shangazi, vya visigino virefu. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimevivua chini ya kaunta, nahudumia umma peku.

Wanagenzi tuko wawili, nafasi ya kudumu moja. Mwenzangu ananizidi kwa kompyuta. Mimi namzidi kwa kutabasamu. Meneja anaamua Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkamata mhalifu! Mimi!

Mama wa makamo, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alitaka pesa za vitambaa – ana oda ya sare za shule mia mbili, na mwenye duka anamwekea mzigo hadi Ijumaa tu. Akasaini. Nikatazama mfumo. Mbingu na ardhi! Ya kwenye mfumo ina mkia mrefu na vitanzi. Yake fupi, imejikunja kama mdudu. Nikamwambia arudie. Karudia mara nne. Zote zinafanana zenyewe kwa zenyewe, hakuna inayofanana na yetu. Kitambulisho anacho, lakini Bibi Mhuri akasema vya bandia siku hizi ni vingi. Akaunti ikazuiwa, uchunguzi wiki mbili.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama sahihi hubadilika mtu akizeeka. Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu, mama. Sauti ile ya kibosi sijui niliitoa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano wa asubuhi. Meneja kanisimamisha mbele ya wote, kasema nina jicho la mwewe. Makofi. Hata Bibi Mhuri alipiga – mawili. Mwenzangu kanipongeza kwa meno tu.

Nyumbani mama hakuweza kukaa na habari tumboni. Kufika jioni jirani anajua nimekamata genge la watu watano, wenye silaha. Sikumsahihisha. Watano walikuwa wengi kidogo, lakini silaha ilinogesha. Nimelala na kichwa kimevimba hadi mto haukutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu.

Bibi Mhuri alinituma stoo nilete kadi halisi ya yule fundi, iambatanishwe na ripoti. Kadi za zamani zile, za karatasi, hazina picha. Nikaitoa kwenye faili. Sahihi fupi, imejikunja.

Nikaitoa inayofuata. Mkia mrefu na vitanzi. Ni ya dada yake! Jina la ukoo ni moja, walifungua akaunti siku moja, namba zinafuatana. Mwezi uliopita mtu fulani aliziskani, akaweka ya huyu kwa yule na ya yule kwa huyu. Daftari la stoo lina tarehe na jina la mtu huyo. Mwandiko mzuri sana. Wangu.

Naikumbuka hata siku yenyewe. Kadi mia tatu, na mimi huku najisimulia nitakavyokuwa meneja. Nilikuwa nimeshafika kwenye rangi ya mapazia ya ofisi.

Nikamwambia Bibi Mhuri kadi haionekani. Uongo mkavu. Kasema nitafute tena kesho.

Nizibadilishe kwenye mfumo kimyakimya? Haiwezekani bila kidole cha Bibi Mhuri kwenye mashine ya kuidhinisha. Niseme? Mkataba kwaheri, na mama sijui atawaambia nini majirani. Ninyamaze? Baada ya wiki mbili wachunguzi watagundua, nami nitakuwa nimeshaajiriwa. Vitambaa navyo vitakuwa vimeshauzwa kwa mwingine. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano asubuhi. Naandikia chooni, daftari juu ya goti. Jicho la mwewe!

Meneja kaniita ghorofani, kaniambia nirudi ofisini kwake saa tano na nusu, nije na kalamu. Mkataba umeshachapwa, katibu wake kanikonyeza. Nikashuka ngazi bila kuzikanyaga. Chini nikamkuta yule fundi kwenye benchi la wateja, yuko pale tangu tufungue milango. Hakuja kugomba. Kanifungulia daftari la shule: kurasa sita, mbele na nyuma, sahihi tupu. Nyingine ndefu, nyingine nene, nyingine zimelalia kushoto. Anasema tangu Jumanne hajashona hata kifungo, anajaribu kukumbuka alivyosaini akiwa msichana, alivyosaini baada ya kufiwa na mumewe.

"Nichagulie wewe, mwanangu," kasema. "Wewe ndiye unayeijua. Mimi nimeshajisahau."

Nikamwomba anisubiri dakika tano. Nikaja huku, nikalia, nikajitukana kwa yote ninayoyajua. Mtu mzima, ana mikono iliyovalisha shule nzima, nimemfanya autilie shaka mkono wake mwenyewe. Kisa mapazia.

Kadi zote mbili ninazo hapa, nimezitoa stoo asubuhi.

Bibi Mhuri anagonga mlango. Meneja hapendi kusubirishwa, anasema. Nimemjibu natoka. Nimemwomba ampandishe na yule fundi, tuingie wote.



Sasa anauliza fundi anahusikaje na mkataba wangu. Bibi Mhuri bado yuko hapo nje, naviona viatu vyake chini ya mlango. Nafunga daftari, nashika kadi zote mbili, natoka.