Goti la Kushoto la Ma Domitila

Ma Domitila,

Nimekaa kwenye sakafu ya sebule yako hapa Kitendaguro, na nimekununia. Usianze kusoma ukidhani nimekuja kulia. Kulia nililia Muleba, siku tuliyokuzika kwenye kibanja, shamba la migomba la mume wako, nikalia tena kwenye gari mpaka Kemondo, dereva akaniuliza kama anipeleke hospitali. Leo nimekuja na neno. Akina mama wanafika hapa baada ya muda mfupi, na wanangoja niwaambie kitu kimoja: nalishika darasa lako la mazoezi ya Pilatesi, au nalifunga.

Kwanza habari za nyumbani. Upepo uliangusha migomba miwili nyuma ya jiko, mingine tumeiwekea miti ya kuegemea. Kemilembe, binti yako, bado hajarudi Mwanza. Anasema anamalizia kuanika kahawa, lakini kahawa imekauka zamani na sisi tunanyamaza. Msimu wa senene darasa lilibaki na watu wanne. Wengine wote walikuwa wanakimbizana na panzi hao wa kukaanga, nawe unajua hapo hakuna mtu wa kulaumiwa.

Sasa neno lenyewe.

Mimi nilikuja kwako nimepinda. Hakuna aliyenifungulia biashara. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa wa kisiwa cha Goziba kutoka kwenye boti hadi ghalani Kemondo, nayabeba mwenyewe kwa sababu mbebaji angekula faida yote, na nilipofika mahali pa kuweza kuajiri watu wa kubeba, mgongo ulikuwa umeshakwisha. Ukaniona sokoni. Hata hukunisalimu. Ulisema, "Wewe mama dagaa, unatembea kama unatafuta sindano." Nilitaka kukutukana. Jumamosi yake nilikuwa hapa, chali kwenye mkeka, unanifundisha kuvuta pumzi kana kwamba miaka yote ile nilikuwa navuta kitu kingine.

Watu walikucheka kwa hayo mazoezi. Unamkumbuka yule katekista aliyekusimamisha nje ya kanisa? "Ma Domitila, nasikia mnafanya mazoezi ya Pilato. Ni yule yule?" Ukamjibu bila kupepesa, "Yule alinawa mikono, mwalimu. Sisi tunanyoosha mgongo." Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Wiki iliyofuata mke wake alikuja na mkeka wake kwapani.

Na ulivyojivunia ukoo! Wewe ulifundishwa na yule mama wa Kizungu, mtaalamu wa viungo, uliyempikia miaka ile Muleba. Yeye alifundishwa na mwanamke aliyefundishwa na mwanafunzi wa yule mzee mwenyewe aliyeanzisha mazoezi haya. Uliwataja mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetaja mababu zake mbele ya wakwe, halafu unajigonga kifuani: "Halafu mimi. Halafu nyinyi." Mimi sikuwa na ukoo wa kujivunia. Huo nilioupata kwako niliushika kwa mikono miwili.

Basi sikiliza kilichotokea.

Kemilembe alimwita Renata, mwalimu mwenye cheti kutoka Mwanza, aje atushike mkono kwa majuma machache. Nilijiandaa kumchukia. Msichana mwembamba, simu mbili, chupa ya maji ya rangi. Lakini hakujifanya. Alilala mkekani katikati yetu akasema tufanye kama tulivyozoea, yeye atazame tu. Tukafunga vitenge vyetu juu ya suruali mpaka kwenye vifundo, kama ulivyotuamuru, kwa sababu sisi ni watu wa parokia na mama akiinua miguu hewani maneno hayakosi. Tukalala. Nikahesabu kwa Kihaya, emo, ibili, ishatu, kama wewe. Tukainua miguu.

Renata akaketi. "Samahani, akina mama. Kwa nini wote mmekunja goti la kushoto?"

Tukatazamana. Ma Ansila, jirani yako, ambaye amekuwa nawe tangu darasa likiwa chini ya paa la jiko, akamjibu, "Ndiyo Pilatesi hiyo, mwanangu. Kwani nyie huko Mwanza mnafanyaje?"

Msichana akalala, akanyoosha miguu yote miwili, pamoja, kama shuka iliyopigwa pasi ya mkaa.

"Huyu hajamaliza kusoma," Ma Ansila akaniambia kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini.

Tungemcheka, Ma. Tulikuwa tumeshaanza. Lakini Kemilembe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akaliweka chini, akasema, "Goti la mama lilikuwa halinyooki."

Akatueleza. Kwamba kabla hata hujaenda kumpikia yule mama wa Kizungu uliteleza kwenye mteremko na mkungu wa ndizi kichwani, goti likavunjika, likaunga vibaya. Kwamba yule mama alikuambia wewe ulikunje, wewe, kwa ajili ya goti lako. Na kitenge kikafunika. Sisi tulikuwa tunatazama nini? Kitenge. Upande wa kulia kimelala, upande wa kushoto kina mwinuko. Tukaufuata ule mwinuko. "Fanya unavyoniona," ndivyo ulivyosema kila Jumamosi. Na tulifanya, waitu, mama yetu. Mungu shahidi, tulifanya. Hata wale waliojifunza kwetu, wanaofanyia majumbani kwao asubuhi kabla ya kushika jembe, hata wale ambao hawakuwahi kukuona, wanalala chali na kukunja goti la kushoto. Kuna mwalimu wa shule Muleba anawafundisha wenzake hivyo hivyo. Nimempigia simu. Ameniuliza, "Sasa nikawaambie nini?"

Mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kusikia jambo kama hilo nikaenda kulala. Niliwauliza akina mama mmoja mmoja: nani anaumwa nyonga ya kulia? Waliosema ndiyo ni wengi kuliko waliosema hapana. Renata akatuonyesha kwa nini: ukikunja upande mmoja siku zote, upande wa pili ndio unaobeba. Yangu inauma tangu mwaka wa pili wa kuja kwako. Nilikulalamikia. Ulisema, "Ni uzee huo. Mpola mpola, polepole tu." Uzee! Nilikuwa sijafika hamsini.

Mizani yangu ya Kemondo ikipotoka kidogo, kila gunia linalopita juu yake linatoka na uongo uleule, na mteja halaumu gunia. Ananijia mimi. Nami nakuja kwako.

Ningeweza kusema hukujua. Nilitaka sana iwe hivyo. Nilimwambia Kemilembe, "Pengine mama alidhani ndivyo zoezi lilivyo." Akatikisa kichwa. Akasema ulikuwa ukiamka kabla yake, unafunga mlango wa chumba, unalala bila kitenge na kujaribu kulinyoosha. Kila asubuhi. Likigoma, unacheka peke yako, unasema nalo kama mtu na mbuzi mkaidi. Kwa hiyo ulijua.

Nikamuuliza kwa nini hukutuambia. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Ma Adventina, nani angekuja kujifunza kunyooka kwa kilema?"

Ule mwendo wako wa taratibu. Sisi tuliuita heshima. Tulikuwa tunauiga na sisi wenyewe, tukitoka kanisani.

Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nikiwa ghalani nakukasirikia kabisa, kuna neno kali naliandaa, halafu nakumbuka ulivyokuwa unatugawia punje za kahawa za kutafuna baada ya darasa, umekaa kwenye kigoda, mguu ule umeuweka pembeni chini ya nguo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Tulikuwa na muda wote wa kuuliza. Mbona wewe ulituuliza sisi kila kitu? Mgongo, tumbo, waume zetu.

Nimekuwa nikifanya nyumbani kwangu, peke yangu, miguu yote miwili imenyooka. Asubuhi za kwanza niliona kama nakusaliti. Mguu ulikwenda, nikaurudisha, nikaunyoosha tena. Lakini nyonga imeanza kutulia, Ma, na siwezi kukudanganya kuhusu hilo. Na siwezi kudanganya upande wa pili pia: huu mgongo ni wako. Siku ile nilipoinua kichwa gatini Kemondo nikaliona ziwa lote badala ya vidole vya miguu yangu, hakuwa Renata aliyenifikisha pale.

Renata keshokutwa anaondoka. Ameniambia, "Wewe ndiye wanayekusikiliza. Ukikataa, hili darasa halifiki Pasaka." Ma Ansila naye ameapa kwamba tukinyoosha tumekukana, na wapo watatu wanaomfuata. Nilikwenda kwake jana. Sikubishana. Nilimwomba alale, nikalishika goti lake. Nalo limekakamaa kweli, halifiki chini. Nikamwambia, "Wewe kunja. Lakini kunja kwa sababu ya goti lako, si kwa sababu ya Domitila." Alipanga kitenge chake. Kisha akasema, "Haya. Umeshakuwa mwalimu, unaamrisha wakubwa." Akanipa mkungu wa ndizi niondoke nao.

Basi ndivyo itakavyokuwa. Darasa nalishika. Anayeweza kunyoosha atanyoosha, asiyeweza atakunja, na kila mmoja atajua kwa nini. Mwalimu wa Muleba nimemwambia awaambie wenzake ukweli. Tukifika kwenye kutaja ukoo wa walimu nitalitaja jina lako kwa sauti kamili, na goti lako nitalitaja pia, maana uliwafundisha watu kunyooka miaka yote hiyo ukiwa na kitu kisichonyooka, na hilo sioni aibu yake iko wapi. Ungeniambia tu. Mimi niliyekuja nimepinda kama ndoana, mimi ndiye ningekucheka?

Nawasikia getini, Ma Ansila ndiye anayewasemesha. Wacha niinuke.

Pumzika, waitu. Huko hakuna anayetazama mguu wako. Utandaze, ukunje, ni wako. Nami nakuahidi hili: kila mgeni atakayetandika mkeka mbele yangu, kabla hajalala, nitamwonyesha mwenyewe mahali mwili wangu ulipoharibika, asije akaniiga hapo.

Adventina wako,
wa dagaa