Rubisi ya Mzee Telesfori

Chonyonyo, 9 Februari 2024

Mwanangu Deodatha,

Salaam nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, ila masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Usinipigie simu tena, nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" tu bila kusikia kitu. Andika barua, umpe kondakta wa basi la Kayanga. Jirani yangu Anonciata ataichukua stendi akienda kuuza ndizi.

Nyumba nimepata! Iko kwetu Bugomora, nilikozaliwa. Ni ya mzee Telesfori, yule aliyefiwa na mkewe. Bati zima, vyumba vitatu, kibanja cha migomba kinaanzia mlangoni. Anataka kuhamia kwa wanawe Bukoba, kupalilia kumemshinda. Anasema aite ukoo wake, tuzunguke shamba, anionyeshe milamula, ile miti ya mpaka, kisha tunywe rubisi pamoja. Unajua kwetu: pombe hiyo ya ndizi ikishanywewa mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji, shamba limeshatoka. Hata mtoto wake halidai tena.

Fanya upesi, mwanangu. Baba yako mdogo Placidius amerudia maneno yake: kaka yake alishakufa, mimi nilizaa wasichana watupu, kibanja ni cha ukoo. Amenipa mpaka kahawa iive niwe nimehama. Kahawa niliyoipalilia mimi! Mtu huyu ananichemsha damu.

Mama yako

Mwanza, 17 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Edgar tu ana mafua. Barua yako imenichekesha na kuniliza kwa pamoja.

Nyumba tunanunua, mkopo wangu umeshatoka. Lakini nakuomba sana, rubisi isinywewe kwanza. Mwenzangu kazini alinunua kiwanja kwa maneno ya wazee, haukupita mwezi akajitokeza mtu mwingine na hati. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimepata wakili hapo Kayanga, kijana msomi, ofisi yake iko karibu na soko. Pesa nimemkabidhi yeye. Atachunguza, ataandika mkataba, mtatia saini, halafu mnywe hata mtumbwi mzima wa rubisi, sitasema kitu. Haraka haraka haina baraka, mama. Mwambie mzee asimwage hata tone kabla ya mkataba.

Mwanao

Chonyonyo, 28 Machi 2024

Mwanangu,

U hali gani? Edgar amepona? Huku mvua imekolea, migomba inapendeza kuitazama.

Nimeenda kwa wakili wako. Nimeshuka kwenye bodaboda nimelowa chapachapa, nimekaa kwenye benchi mpaka nguo zikanikaukia mwilini. Binti wa mapokezi akaniandikia kwenye karatasi kwamba wakili yuko mahakamani Bukoba. Haya. Ila koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, na kikombe cha chai kinatoa mvuke. Mimi ni kiziwi, mwanangu, si kipofu.

Mzee Telesfori anauliza huyo mtu anayengojwa hivi ni wakili au Askofu. Alishakamua ndizi zake, rubisi ikachachuka, wakanywa vibarua. Amekonda. Kukohoa kwake sikusikii, ila naona anavyojikunja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwani huyo kijana anachunguza nini Bugomora ambacho mimi sikijui?

Mama yako

Mwanza, 14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo, na pole sana kwa kulowa. Nimesoma habari ya chai nikaona aibu.

Wakili simu yangu hapokei. Ujumbe anausoma, naona kabisa kwamba ameusoma, hajibu. Wiki iliyopita alijibu neno moja, "Nashughulikia," nikafurahi kama mjinga. Jioni yake nikaona picha zake mtandaoni, anacheza kwenye harusi ya mtu. Nikimkaripia naogopa atauacha mzigo wetu katikati, na pesa iko kwake. Nikinyamaza ananisahau. Hata sijui niongee naye kwa sauti gani.

Vumilia kidogo. Kahawa bado haijaiva, au vipi?

Mwanao

Chonyonyo, 2 Juni 2024

Mwanangu Deodatha,

Habari za siku nyingi? Natumaini nyote mnaendelea vizuri. Mimi nina uhai tu.

Kahawa imeiva. Placidius ameingia na watu wake, wanachuma bila hata kubisha hodi. Jana amebadilisha kufuli la stoo. Sasa maharage yangu yamo ndani na mimi niko nje.

Mzee Telesfori alikuja hapa kwa bodaboda, na safari yote ile kutoka Bugomora! Alishushwa kama mzigo. Amekamua ndizi nyingine. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "Ma Kokugonza, tunywe Jumamosi. Mkataba utatukuta ndani." Nilimpikia ndizi, akala vijiko viwili akaziacha.

Mwanangu, sijawahi kukuomba kitu zaidi ya chumvi na sabuni. Leo nakuomba. Nikubalie tunywe. Mzee huyu haongopi, ukoo wake naujua, mpaka wake naujua tangu nikiwa binti. Sitaki kwenda kinyume na wewe maana pesa ni jasho lako. Sema ndiyo tu.

Mama yako

Mwanza, 11 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikosesha raha.

Jana wakili amepokea simu! Amesema faili liko mezani, Jumatatu ijayo bila kukosa atamwita mzee ofisini. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haya. Anasema mkinywa kabla ya mkataba mtavuruga utaratibu, pengine aanze upya. Mama, tumengoja miezi yote hii, tusianguke mlangoni. Subiri hiyo Jumatatu. Najua unaninung'unikia moyoni. Nisamehe.

Mwanao

Chonyonyo, 5 Julai 2024

Mwanangu,

Salaam. Poleni na kazi.

Jumatatu ilipita, na nyingine, na nyingine. Mzee Telesfori amefariki. Alilazwa, hakutoka tena. Wanawe walimleta kutoka hospitali wakamrudisha kwake, kama inavyotakiwa, mtu huzikwa katika kibanja chake. Nilienda msibani na mkungu wa ndizi kichwani kwangu. Nikawakuta vijana wanachimba mbele ya mlango, pale nilipokuwa nimepanga kuanika maharage.

Nilitaka kupiga kelele kwamba hapo ni kwangu. Lakini ningesema nini? Mtoto wake mkubwa, Ambrose, aliniona. Ni mtu mwema. Akaja akanishika bega, akapaza sauti sikioni mpaka watu wakageuka: "Mama, rubisi hatukunywa. Tungekuwa tumekunywa, tungemzika kwa ndugu zake. Sasa hapa bado ni kwake. Na penye kaburi la baba hatuwezi kupauza, tusamehe." Hajakosea hata neno. Ningekuwa mimi ni yeye, ningesema hivyo hivyo. Rubisi yenyewe ilikuwepo, ile aliyoikamua kwa ajili yangu. Ndiyo waliyonywea matanga. Nami walinipa, nikanywa.

Nyumbani nimeshatoka. Naishi katika stoo ya Anonciata, pamoja na majembe yake. Ananitunza vizuri, usije ukafikiri vinginevyo.

Mama yako

Mwanza, 20 Julai 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nimelia mpaka watoto wakaogopa.

Ni mimi niliyekosa. Mzee alikuja mpaka hapo kwa bodaboda akiwa anakufa, nikasema hapana. Nilimwamini mtu nisiyemjua nikakukatalia wewe.

Leo asubuhi wakili amenitumia ujumbe. Nakunakilia kama ulivyo: "Habari dada. Samahani kwa ukimya, majukumu. Mkataba uko tayari. Muuzaji afike ofisini na picha mbili za pasipoti." Nimemjibu kwamba muuzaji amekufa. Ameusoma. Mpaka naandika hapa hajajibu, na pesa yetu haitaji.

Njoo Mwanza, mama. Tutabanana. Nijibu kwa basi la kwanza.

Mwanao

Chonyonyo, 18 Agosti 2024

Mwanangu Deodatha,

Hujambo? Na wajukuu zangu? Mimi nimeamka salama, namshukuru Mungu.

Usijitese. Ulitaka nisidhulumiwe, na mtoto anayemtakia mama yake hivyo hana kosa kwangu. Hasira niliyokuwa nayo imekwisha, nakuambia kweli. Lakini Mwanza siji. Chumba kimoja na watoto, na mimi nisiyesikia hata gari likinijia nyuma! Nitakuua kwa wasiwasi.

Placidius alikuja hapa stooni juzi. Amebeba mkungu, eti zawadi. Akanipigia kelele sikioni: "Shemeji, usituone wabaya. Nafasi yako pembeni ya kaka ipo, hatukuziki ugenini." Akanishika mkono akanipeleka kibanjani kunionyesha. Kweli, ipo. Nikiwa hai mimi si wa ukoo huu, nikifa ndipo nakuwa wa kwao.

Nikamwomba panga. Nikakata milamula pale mpakani, nikaipanda kwenye pembe za ile nafasi mwenyewe, kwa mikono yangu. Akauliza ya nini. Nikamwambia: ya mpaka. Nikamwambia pia kwamba safari hii singoji. Akamue ndizi, aite ukoo wote na mwenyekiti wa kijiji, tunywe rubisi nikiwa nimesimama hapo, nione kwa macho yangu kwamba pametoka, ni pangu. Alicheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

Amekubali. Ni Jumapili ya kwanza ya Septemba, baada ya ibada. Njoo, mwanangu, ushuhudie mama yako akipata mahali pake. Wakili wako usimwambie, asije akatuchelewesha.

Mama yako