Soksi Zako na Mvinyo wa Mama Yako

Chumba cha Nyuma,
Duka la Mvinyo la Pembeni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Binamu Kidomo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha visa vyake. Mkeo na mapacha je, hawajambo? Sisi huku hatujambo, ila meno yanamsumbua baba yangu, naye anatusumbua sisi.

Ninakuandikia kwa sababu ya mama yako. Usishtuke, Shangazi ni mzima wa afya. Lakini Jumamosi zake zilikufa, na aliyeziua ni wewe.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipopiga simu akinywa mvinyo, kama kila Jumamosi, na marafiki zake wawili, fundi cherehani na muuguzi mstaafu? Simu ilikuwa kwenye spika. Ukamuuliza anakunywa nini, akakujibu kwa raha zake kwamba ni Chardonnay. Nawe, domo lako lisilo na breki, ukasema siku hizi mvinyo huo unanywewa na watu waliopitwa na wakati. Shangazi alicheka pamoja na wenzake. Tangu hapo hakuwaalika tena. Glasi alizonunuliwa na marehemu baba yako akazifunga kwenye magazeti, akawa anatafuta wa kumpa. Niliumia sana, nakuambia kweli.

Sikatai, jina la Chardonnay limepitia makubwa. Zamani kila mteja alikuwa anauulizia, hadi watengenezaji wakalewa sifa. Wakawa wanaulaza kwenye mapipa ya mbao mpaka ukinywa unahisi umelamba kabati. Watu wakauchoka, ikawa fasheni kuusema vibaya. Sasa umeanza kurudi, lakini wapo wateja wanaouomba kwa kunong'ona, utadhani wananunua dawa ya minyoo.

Wasichojua ni kwamba Chardonnay ni jina la zabibu, na zabibu hii haina makuu, inafuata malezi. Ukiilea kwenye joto, kisha ukaulaza mvinyo wake kwenye mbao, unapata kitu kizito chenye harufu ya siagi, kama anachopenda mama yako. Ukiilea kwenye baridi, ukatumia matangi ya chuma, unapata mvinyo mwembamba, mkali kama tufaha bichi. Ni kama wewe na dada yako: tumbo moja, lakini nani angeamini?

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita ulimtumia mama yako picha ukiwa kwenye karamu ya ofisini, glasi mkononi, chupa mbele yako, na maneno: "Mama, huu ndio mvinyo wa watu wanaojua." Shangazi akanipa simu niikuze picha, aone kama umekonda. Mimi nikakuza chupa. Lebo ina jina la kijiji unakotoka mvinyo tu, zabibu haikutajwa, lakini chupa hiyo tunaiuza, iko rafu ya nyuma ya kaunta. Binamu, hiyo ni Chardonnay tupu, haina hata tone la kitu kingine! Nilicheka mpaka Shangazi akadhani umeota kitambi.

Sikumwambia kitu. Jumamosi iliyofuata nikawaita marafiki zake mimi mwenyewe, nikazitoa glasi kwenye magazeti. Dukani tukitaka watu waonje bila kudanganywa na lebo, huwa tunazivika chupa soksi. Nyumbani kwa Shangazi soksi zilizopatikana ni zako za kuchezea mpira, zile za mistari. Zilikuwa zimefuliwa, usijali. Moja nikaivika chupa yake, nyingine chupa kama ile yako, niliyoichukua dukani.

Muuguzi akapenda wako. Fundi akang'ang'ania ule wa siagi. Shangazi alipoonja wako akakunja uso, akauliza, "Huu nao umeudhiwa na nani?" Ndipo nikazivua soksi, nikawaonyesha picha yako na kuwaeleza. Fundi alicheka hadi miwani ikaanguka. Muuguzi akataka upigiwe simu hapo hapo, tena kwenye spika.

Shangazi akakataa. Alijimiminia tena ule wako, akaunywa taratibu mpaka mwisho, ingawa haupendi. Kisha akasema, "Kumbe mimi na mwanangu tunakunywa kitu kimoja." Machozi yakamtoka, na yangu yakafuata.

Glasi zimerudi kabatini na Jumamosi zimefufuka. Fundi sasa anakuita Mjuzi, ujiandae.

Msalimie sana mkeo, na wabusu mapacha. Baba anakusalimu kwa meno yaliyobaki, na dada yako anasema umezidi kumkalia kimya.

Limebaki jambo la chupa yako. Nusu yake Shangazi ameiweka kwenye friji, chupa ameivika tena soksi yako, na haruhusu mtu aiguse mpaka uje. Nimemweleza kwamba mvinyo ukishafunguliwa hauvumilii, utachacha. Akasema nikuandikie hivyo hivyo: unachacha, fanya haraka.

Mungu akulinde safarini, akulindie na ulimi.

Wako akupendaye pamoja na domo lako,
Kizibo wa Dukani