Ngata Isiyo na Karatasi

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Nakuandikia mchana, mlango nimeufunga, na kila gari likipunguza mwendo hapo nje naificha barua hii chini ya mkeka. Ulitutoka masika yaliyopita na hakuna lori linaloweza kukufuata huko uliko, lakini woga wangu bado haujapata habari hizo.

Unakumbuka Baba alivyolifungua hili banda la makumbusho? Watu wa Busunzu walicheka mpaka wakachoka. Mtu mzima na akili zake anajenga kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, kisa kutunza katambuga zilizoisha soli! Lakini madereva walisimama. Walishika fimbo za wapagazi wa zamani, wakanusa vikapu vilivyobeba chumvi ya Uvinza, wakaicheka baiskeli ya magurudumu ya mbao. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, basi Baba akanipa kazi ya kuandika karatasi za maelezo. Kila kitu maswali matatu: kilitoka wapi, kilipita wapi, kilifika wapi.

Chako kilikuwa ngata, ile duara ya majani makavu ya mgomba uliyoiweka kichwani chini ya mzigo siku mlipoikimbia Burundi, Baba akiwa mtoto mgongoni. Hukukubali niandike peke yangu.

"Andika, mwananje," ulisema kwa Kirundi chako, mwanangu. "Siku kumi na moja njiani. Andika na mto. Andika na mvua."

Nikaandika na mvua. Wageni wakija uliwasomea kwa kichwa, ingawa herufi hukuzijua, na kila mara ulizidisha simba mmoja. Nilikutania kwamba mwisho Burundi nzima itabaki haina simba, nawe ukanifukuza na ufagio.

Halafu yakaja maneno ya msako. Makambi yalikuwa yamejaa, ikasemwa kwamba waliotoka ng'ambo wote, hata walioingia miaka mingi nyuma, kama hawana karatasi za uraia wapelekwe huko. Sisi hatukuwa nazo. Tulisikia upande wa Titye mama mmoja amechukuliwa shambani, jembe likiwa mkononi. Baba akaacha kula. Mimi nilikuwa nashtuka hata sahani ikianguka. Asubuhi moja nikaibandua karatasi yako, nikaitia kwenye kitabu cha nyimbo, nikajiona nina akili sana.

Siku hiyohiyo lori likasimama. Walishuka wanaume watatu, mmoja ana daftari. Alizunguka polepole akisoma mwandiko wangu wote, fimbo, vikapu, vibuyu. Kila kitu kilikuwa na karatasi isipokuwa kimoja, na hapo ndipo aliposimama.

"Hii mbona haina karatasi? Imetoka wapi?"

Bibi, macho yangu yalikimbilia kitabu cha nyimbo. Ningeiacha ile karatasi labda angeipita tu, na labda angeisoma. Mpaka leo sijui. Baba alifungua mdomo, nami namjua Baba, kuhusu safari hajui kudanganya. Wewe ndiye uliyeinuka kwenye kigoda.

"Hiyo? Aah, hiyo ni yangu ya maji, mwanangu. Hawa watoto wanaokota kila kitu."

Ulisema mwanangu, hukusema mwananje. Nilisikia ulimi wako ukichagua. Ukaitoa rafuni, ukaiweka kichwani, ukajitwika ndoo tupu, ukapita katikati yao na mbele ya lori lao.

"Na wewe mama, umezaliwa wapi?" alikuita.

"Hapahapa Busunzu. Nizaliwe wapi tena?"

Hukugeuka. Nilikutazama mpaka ukapotea kwenye migomba ya bondeni, na nilikuwa na hakika kwamba watakufuata. Hawakukufuata. Uliporudi ndoo ilikuwa imejaa. Uliirudisha ngata mahali pake ikiwa imelowa, ukanikataza nisiibandike tena ile karatasi.

Tangu siku hiyo hukusimulia tena, wala simba hawakutajwa. Kwenye mazishi yako mchungaji aliuliza marehemu alizaliwa wapi. Baba akatazama chini, akasema Busunzu. Nami nilikuwa pale, nikaitikia kwa kichwa.

Lori bado naliogopa, sikufichi. Lakini jana alisimama mwalimu mmoja kutoka Kasulu, akaishika ngata, akauliza kazi yake. Nikamjibu, "Ya kubebea maji." Nilijibu haraka, natabasamu, wala moyo haukunienda mbio. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko lori, Bibi. Kwa muda mfupi tu, nilikuwa nimesahau kwamba ni uongo.

Ndiyo maana leo nimejifungia humu bandani. Nimeitoa karatasi kwenye kitabu cha nyimbo. Wino umefifia, nimeupitia upya herufi kwa herufi: Burundi, siku kumi na moja, mto, mvua. Simba nimewaongeza mimi, wote uliowahi kuwataja. Mwandiko ungeusifu. Nimeibandika. Sasa hivi nasikia gari linapunguza mwendo, na sijui ni la nani.

Lala salama, mke mwenzangu. Naenda kufungua mlango.

Mjukuu wako,
wa kutoka ulikotoka.