Kicheko Kilichobaki Nje ya Kanda

Baba yangu,

Kanda zako za Shoka na Mpini nimezipata hapa nyumbani Kitengela, ndani ya sanduku langu la bati la shule, zote kumi na moja. Nililia kabla sijazisikiliza, kwa maana huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, nami nimeanza kuisahau sauti yako.

Wale wachekeshaji wawili hawakuwa na maandishi. Msikilizaji aliwapa neno moja, nao wakabuni kisa papo hapo redioni. "Ikipita leo imepita," ulituambia. Kwa hiyo uliazima redio ya kaseti kwa jirani, ukaielekeza kwa redio yetu mezani, nasi ukatukalisha sakafuni.

"Hakuna kelele! Mtoto akikohoa itaingia kwa kanda, na haitoki tena."

Wewe mwenyewe ulijiziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Kipindi kikiisha, ulibonyeza kitufe cha kuzima, ndipo ukaangua kicheko mpaka mama akakuondolea kikombe cha chai mkononi. Siku niliyokohoa ulinitoa nje, nikanuna hadi kesho yake.

Hukupenda kuacha ujumbe wa sauti kwa simu, basi sina neno lako hata moja. Jumamosi nilizipeleka kanda Kajiado mjini, kwa fundi ambaye bado ana mashine. Tulisikiliza tangu asubuhi. Shoka na Mpini wamo, na bado ni moto wa kuotea mbali. Kikohozi changu kimo.

"Madam, hizi kanda ziko sawa kabisa," fundi akasema. "Kwani unatafuta nini?"

"Natafuta mzee mmoja anacheka."

Wewe humo, baba; kicheko chako hakimo. Sheria yako uliifuata kutushinda sisi. Kila kanda inaisha vilevile: kiti kinalia, unavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyeshindwa kujizuia, kisha kitufe. Niliirudia pumzi hiyo hadi fundi akatoka nje, akaniachia chumba. Mama ameniuliza kama umo. Nilimwambia mashine imeharibika.

Nimekukasirikia, baba, na moyo unaniuma kukukasirikia. Ungechelewa kuzima kidogo tu.

Lala salama. Na kama huko kuna redio, toa hiyo leso mdomoni. Cheka, baba, hakuna anayerekodi.

Ni mimi binti yako, yule uliyemtoa nje kwa kukohoa.