Kapteni Wetu Si Kapteni

Mpendwa Bi Lovina, nakuomba unisaidie mawazo katika safu yako ya gazeti kabla sijapasuka, maana Jumamosi ijayo ukoo wetu wote unakuja kwa baba kwa mkutano wa kila kiangazi, na mimi na dada yangu Gail tunajua jambo ambalo baba halijui. Sisi ni akina Wadleigh wa hapa hapa bondeni, na tangu nizaliwe nimeambiwa kwamba mzee wetu wa kwanza, Hopestill Wadleigh, alikuwa kapteni katika vita vya Malkia Anne, enzi zile za ukoloni, miaka mia tatu iliyopita, Wafaransa na Waabenaki, wenyeji wa asili wa huku, walipokuwa wakishuka kutoka Kanada na kuchoma vijiji. Ushahidi wetu ni jiwe la kaburi lake, lina jina lake na chini ya jina herufi nne tu, CAPT, kifupi cha kapteni, basi. Baba ana miaka themanini na kitu, na kila mkutano huvaa kofia yake ya kizamani ya pembe tatu, hupanda juu ya benchi kabla maharage hayajapakuliwa, huuliza, "Sisi ni wa nani?" nasi tunaitikia, "Wa Kapteni!" Jirani yetu Chester, ambaye babu yake wa kale alipiga ngoma katika vita hivyo hivyo, hapumui. "Wako alipiga ngoma, Chester," baba humwambia. "Wangu ndiye aliyesema ipigwe!"

Sasa wiki iliyopita mimi na Gail tukaenda kulinyoosha lile jiwe lililoinama, lisije likatutia aibu mbele ya wageni, kumbe miaka yote lilikuwa limezama, tukachimba, Gail akamwaga maji, na mistari mingine ikajitokeza. Bi Lovina, wachongaji wa zamani nafasi ikiwaishia walikuwa wanakata neno katikati na kulimalizia mstari wa chini. Neno letu halikuwa kapteni. Lilikuwa "captive", yaani mateka, ambalo kwa Kiingereza chetu linaanza na herufi zile zile nne! Na chini zaidi: alipelekwa Kanada akiwa mtoto, akarudi, mke wa Jabez. Mke! Hopestill ni jina ambalo zamani walipewa wanaume kwa wanawake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza.

Gail akadaka sepetu. "Rudisha udongo," akaniambia. "Baba atakufa."

"Hawezi kufa kwa sababu ya jiwe."

"Basi Chester atamuua kwa kicheko. Rudisha, wewe!"

Tukarudisha, tukashindilia kwa miguu. Baba ameshamwagiza fundi amchongee jiwe lake mwenyewe, na anataka liandikwe "Wa uzao wa Kapteni Hopestill", na fundi anaanza Jumatatu. Nikisema namvunja moyo uzeeni, nikinyamaza anakwenda kulala milele chini ya uongo ninaoujua. Nifanyeje?

Ni mimi, Mjukuu wa Kapteni Hewa.

Mjukuu wa Kapteni Hewa,

Jina lako nimelificha, ila kwa kumtaja Hopestill mji mzima umeshakutambua, kwa hiyo tusipotezeane muda. Pole sana. Baba yako namfahamu na nampenda, kofia na kelele zake zote. Lakini hilo sepetu limenikera! Mwanamke amekaa miaka yote hiyo chini ya cheo cha mwanamume asiyekuwepo, anachungulia mara moja tu kutoka ardhini, na wajukuu zake wa kike wawili wanamfukia tena na kumkanyaga juu. Hamkuona haya?

Kapteni alikuwa na bunduki na watu wa kumtii. Huyu alikuwa mtoto, akaswagwa kwenye theluji hadi Kanada. Wengi waliochukuliwa hawakurudi, na wengine walikataa kurudi, wakaolewa huko huko, na wajukuu zao leo wanajivunia hilo, wana haki. Waabenaki waliomchukua nao walikuwa na mashamba katika bonde hili kabla yetu. Simulieni na hilo, halimpunguzii Hopestill hata chembe. Yeye alirudi, akazaa, na leo mnajaza uwanja mzima na kukomba masufuria. Wajukuu wa makapteni hapa bondeni tunakanyagana. Wewe una mtoto aliyekwenda na akarudi, halafu unaniuliza kama ni aibu!

Sasa sikiliza. Kwanza mpigie fundi simu, asiguse tindo. Pili, usimkalishe baba sebuleni kana kwamba unampa habari za msiba. Mpeleke makaburini kabla ya Jumamosi, wewe na Gail mfukue mlichofukia, mpe ndoo ya maji na brashi laini, si ya waya, halafu ufunge mdomo. Asome mwenyewe. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza kufoka atasoma mara ya pili, na hapo ndipo umshike mkono. Kofia msimvue, inampendeza. Chester mwalikeni, tena mkalisheni mbele kabisa.

Na Jumamosi baba yako akishapanda benchi na kuuliza, "Sisi ni wa nani?" usingoje wengine. Itikia wewe wa kwanza, kwa sauti ya kufika Kanada: "Wa Hopestill, aliyerudi!"